Nchi Inayopitwa Njiani: Habari za Kale za Shinyanga na Geita

Iko miji midogo duniani ambayo haitajwi ila kwa mizabibu yake. Stellenbosch, uliojengwa mwaka 1679 katika nchi ya Rasi ya Tumaini Jema, hupokea wageni ambao asubuhi huonja mvinyo katika viunga vya wakulima na alasiri hupanda milima iliyo nyuma ya viunga hivyo. Kwetu Tanzania sifa kama hiyo imeipata Dodoma, ambako mapadri wa Bihawana walipanda mizabibu katika miaka ya 1950 kwa ajili ya divai ya altare, na mmea ule, uliodhaniwa kuwa wa Ulaya tu, ukaikubali ardhi kame ya Ugogo hata ukawa unazaa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa au Italia hajapata kuliona shambani mwake.

Msafiri akiiacha Dodoma, akaipita Singida, akateremka mlima wa Sekenke, akaivuka Nzega na kuingia Usukuma, hukuta nchi isiyokuwa na mizabibu wala milima ya kutajika, bali mbuga pana za udongo mweusi, vilima vya mawe makubwa yaliyopandana, makundi ya ng'ombe, na mashamba ya mtama, mpunga na pamba. Aghalabu hasimami. Basi humchukua moja kwa moja hata Mwanza, na akiulizwa baadaye aliona nini katika mji wa Shinyanga, hujibu kuwa aliona kituo cha mabasi na vumbi. Na huyo anayesimama, kwa kawaida amekuja kutafuta almasi ya Mwadui au dhahabu ya Geita, yaani amekuja kwa ajili ya kilicho chini ya ardhi, na akishakipata au akishakikosa huondoka zake.

Mimi naona kuwa nchi hii imedhulumiwa kwa kutazamwa hivyo. Maana tarehe yake iliyo adhimu kupita zote ni ile ya uso wa ardhi: jinsi nchi ilivyotawaliwa na pori na mbung'o, ikafyekwa ikawa nyeupe, ikakaribia kuwa jangwa, kisha ikarudishiwa miti yake kwa mila ya wafugaji wenyewe. Habari hiyo inastahili kutembelewa kama vile wengine wanavyotembelea majumba ya mvinyo, na ushahidi wake uko wazi kando ya barabara kwa kila mwenye macho na wasaa.

Kabla ya reli na kabla ya kampuni, njia kuu ya nchi hii ilikuwa ya miguu. Mwezi wa Julai 1858, msafiri Mwingereza John Hanning Speke alitoka Kaze, karibu na Tabora ya leo, akifuatana na Sidi Mubarak Bombay, na tarehe 3 Agosti akasimama Mwanza akilitazama ziwa ambalo wenyeji walikuwa wakivua na kusafiri ndani yake tangu zama za mababu. Njia aliyoipita haikuwa ugunduzi wa mtu yeyote. Ilikuwa njia ya biashara iliyokanyagwa na Wanyamwezi na Wasukuma, na katika bidhaa zilizopita humo hapakuwa na iliyokuwa na heshima kuliko jembe la chuma.

Majembe hayo yalitoka magharibi, katika nchi ya Uzinza na pande ambazo leo ni Mkoa wa Geita, kwa mafundi waliojulikana kwa jina la Warongo. Wao walikusanya mawe ya chuma, wakajenga tanuri za udongo, wakachoma mkaa wa miti migumu, wakavukuta moto kwa mivukuto ya ngozi hata jiwe likaachana na chuma chake, kisha wakafua. Jembe la Mrongo lilinunua mbuzi, likaingia katika mahari, likasafiri mwendo wa siku nyingi kuelekea kusini. Ni jambo la kuzingatia kwamba Geita, inayotajwa leo kwa dhahabu peke yake, ilikwisha kuwa nchi ya madini kabla ya mzungu yeyote kupima mwamba wake, ila madini yale yalikuwa ya kulimia.

Na jembe, lilipofika Usukuma, lilipewa ngoma. Vikundi vya vijana wa kulima kwa zamu, ambao mchezo wao hujulikana hata leo kwa jina la bugobogobo, waliingia shambani kwa safu, ngoma zikipigwa pembeni, majembe yakipanda na kushuka kwa mahadhi mamoja, na mara kwa mara mtu akilirusha jembe lake hewani na kulidaka bila ya kupoteza mshindo. Baada ya mavuno, mwezi wa Juni na Julai, ushindani ukahamia uwanjani, Wagika upande mmoja na Wagalu upande wa pili, vyama viwili ambavyo hunasibishwa na waganga wawili wa zamani, Ngika na Gumha, walioshindana kwa dawa na kwa kuvuta watu. Kila upande ulikuja na vituko vyake vya kuwakusanya watazamaji, kwani mshindi hakuamuliwa na mahakimu, bali aliyezungukwa na umati mkubwa zaidi ndiye aliyeshinda.

Mwenye shamba aliyewaalika wakulima alitazamiwa kuwaandalia chakula na pombe, na hapa ndipo penye jibu kwa mgeni anayeuliza nchi hii inakunywa nini. Divai iliyo mezani katika hoteli za Shinyanga na Geita imetoka Dodoma au ng'ambo, lakini kinywaji cha nchi ni pombe ya mtama, na utengenezaji wake unataka subira. Mtama huloweshwa, hutandazwa mahali penye kivuli na kufunikwa hata uchipue, huanikwa juani hadi ukauke, husagwa ukawa kimea. Kisha unga hupikwa kwa maji mengi, huachwa upoe, kimea hutiwa, na chombo hufunikwa kwa siku kadhaa kikichemka chenyewe kwa ndani, mpaka harufu yake iwe kali na povu litulie, ndipo huchujwa. Kazi hiyo tangu zamani ni ya wanawake, na mjuzi wake huijua siku ya kuchuja kwa kusikiliza. Pombe hiyo haihifadhiki kama mvinyo; ikipita siku yake huharibika, na kwa sababu hiyo haikupata kuwa bidhaa ya kusafirishwa mbali, ikabaki kuwa kinywaji cha mahali na cha siku maalumu: siku ya kulima, siku ya harusi, siku ya tambiko.

Msiba mkubwa uliipata nchi hii katika miaka ya mwanzo ya 1890, ilipoingia sotoka, maradhi ya ng'ombe yaliyoteremka kutoka kaskazini na kuua mifugo ya Afrika ya Mashariki kwa idadi isiyokadirika. Ng'ombe walipokwisha, hapakuwa na wa kulisha nyasi wala wa kukanyaga vichaka. Watu wakapungua kwa njaa na ndui. Na pori, ambalo kwa karne nyingi lilizuiwa mbali kwa moto, kwa shoka na kwa kwato, likarudi likasogea hata mlangoni. Pamoja na pori akaja mbung'o, ambaye hukaa kivulini na kuwaletea ng'ombe nagana na wanadamu malale. Vita ya kwanza ya dunia ikaongeza dhiki juu ya dhiki. Ilipofika miaka ya 1920 sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa imefungwa na pori, na mfugaji aliyejasiri kuingiza mifugo humo alijua kuwa anaipeleka mautini.

Serikali ya Waingereza ilimtia kazini Charles Francis Massy Swynnerton, bingwa wa wadudu na wanyama, akawa mkurugenzi wa kwanza wa uchunguzi wa mbung'o katika Tanganyika, na makao ya kazi hiyo yakawekwa Shinyanga, mahali pajulikanapo mpaka leo kwa jina la Old Shinyanga. Kutoka hapo zilifanywa tajriba za kila namna: kuchoma pori kwa majira, kulikata lote, kulikata kwa vipande ili mbung'o akose njia, kumtega, kuwaondoa wanyama anaowanyonya. Mwaka 1936 Swynnerton alichapisha kitabu kikubwa juu ya mbung'o wa Afrika ya Mashariki, na mwaka 1938 akafa katika ajali ya ndege. Wataalamu wa nchi nyingine waliijua Shinyanga kwa sababu yake.

Lakini insafu yataka isemwe kwamba mbung'o wa Shinyanga hakushindwa na kitabu. Alishindwa na mikono ya maelfu ya watu walioitwa na watemi wao kila kiangazi, wakaja na mashoka na mundu na chakula chao, wakapanga safu, wakafyeka pori ekari kwa ekari. Mtemi ndiye aliyetoa amri, na mtemi alisikilizwa kwa kuwa mila ilimpa haki ya kuwaita watu kwa kazi ya nchi. Huko Usiha, utemi wa ukoo wa Makwaia ulipata heshima kubwa katika kazi hii. Na ni katika ukoo huo alikotoka Kidaha Makwaia, msomi wa Makerere na Oxford, ambaye mwaka 1945 aliteuliwa pamoja na Mangi Abdiel Shangali wa Machame kuwa Waafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Anayesimama leo katika uwanda wa Usiha, asione kichaka chochote kwa mwendo wa maili nzima, anatazama kazi ya mikono ya wazee wale, ijapokuwa hakuna jiwe wala kibao kinachomwambia hivyo.

Ushindi ule ulikuwa na gharama yake. Mbung'o alipoondoka, ng'ombe waliongezeka, na reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, ikaifungulia nchi soko la pamba. Jembe la mkono likafuatwa na plau ya kukokotwa na maksai, shamba likapanuka, na kila shamba jipya la pamba lilikuwa malisho yaliyopotea. Mkulima hakuwa na kosa: kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilitoka katika pamba. Wakulima wa Kanda ya Ziwa waliunda vyama vyao vya ushirika, na kufikia mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika shirikisho la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, likawa moja ya mashirika makubwa ya wakulima Waafrika katika bara hili. Yote hayo ni fahari. Hata hivyo miti ilikuwa ikiondoka, na hapakuwa na aliyehesabu.

Kisha mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Sina nia ya kuhukumu siasa nzima ya ujamaa katika ukurasa mmoja, lakini jambo moja ni dhahiri: watu walipohamishwa kutoka katika maskani zao zilizotawanyika na kukusanywa pamoja, waliacha nyuma mahame yao, na pamoja na mahame hayo waliacha ngitili zao. Ngitili ni sehemu ya malisho ambayo mwenye kaya, au kijiji kizima, huifunga mvua zinapoanza, isiingie mfugo, ili nyasi zikue, zikomae na kukauka zikiwa zimesimama. Na kiangazi kikishika kasi, mwezi wa Julai au Agosti, hufunguliwa kidogo kidogo, kwanza kwa ndama, kwa ng'ombe wagonjwa na kwa maksai wa kulimia, ambao hawawezi kwenda mbali kutafuta majani. Hapawekwi ukuta wala uzio. Mipaka hujulikana kwa mti, kwa kichuguu, kwa mkondo wa maji, na kwa ukumbusho wa wazee. Anayeivunja huitwa mbele ya wazee na kutozwa faini. Mila hii ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya nyasi, lakini palipo na nyasi zisizolishwa majira yote ya mvua, miti nayo hupata nafasi ya kuinuka. Mwenye ngitili alipohamishwa na mipaka yake ikawa haina mlinzi, malisho yale yakawa ya kila mtu, na cha kila mtu kililiwa chote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hali ilikuwa ya kutisha. Wanawake walikwenda mbali mno kutafuta kuni, wakapikia mabua ya pamba na samadi ya ng'ombe. Upepo wa kiangazi uliinua udongo, mabwawa yakajaa mchanga. Mwalimu Nyerere alipofika aliona hayo kwa macho yake, na Shinyanga ikaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, kwa msaada wa serikali ya Norwei. Mradi ulianza kama miradi mingi inavyoanza, kwa vitalu vya miche na kwa kuwahimiza watu kupanda miti ya kigeni, na mafanikio yakawa haba. Heri yake ni kwamba wataalamu wake walikuwa na masikio. Waliwauliza wazee namna nchi ilivyokuwa ikihifadhiwa zamani, wazee wakawaambia habari za ngitili. Nao wakaacha kuwafundisha watu kupanda, wakawasaidia kufunga.

Matokeo yake ni katika mambo ya ajabu yaliyopata kutokea katika nchi yetu. Migunga haikuhitaji kupandwa, kwa sababu mbegu na visiki vyake vilikuwa ardhini vikingoja kuachwa. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana katika mkoa zilikuwa takriban hekta 600 tu. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. (Mkoa wa Shinyanga wa siku hizo ulikuwa mkubwa kuliko wa leo, kwani ulichukua pia nchi ambayo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Simiyu, na Bukombe ambayo sasa ni ya Geita.) Ulinzi ulirudi mikononi mwa dagashida, mkutano wa jadi wa wananchi, na mwa sungusungu, jeshi la ulinzi la vijiji lililozaliwa pande hizi hizi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe. Mwaka 2002 HASHI ilipewa tuzo ya kimataifa ya Equator. Nyuki walirudi, uyoga ukarudi, nyasi za kuezekea na dawa za miti shamba zikapatikana karibu na nyumbani, na wanawake wakapunguziwa safari ya kuni. Mtu akiingia katika ngitili iliyokomaa saa za asubuhi, wakati jua halijawa kali, huona nyasi zimefika kiunoni, migunga imetandaza vichwa vyake bapa, na kanga wanakimbizana chini yake. Na hatua chache tu ng'ambo ya mpaka ardhi imelishwa hata mchanga unaonekana.

Habari ya Mwadui nitaifupisha, kwa kuwa imesimuliwa mara nyingi. John Thoburn Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aliupata mwamba wa almasi mwaka 1940 akiwa na umri wa miaka 33, baada ya kutafuta kwa taabu na kwa mikopo. Na mwamba huo, kwa upana wake wa juu, hekta 146, ni katika miamba mikubwa ya namna hiyo iliyopata kuchimbwa duniani. Mwaka 1947 ilitoka humo almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth kwa harusi yake, ikakatwa ikawa ya karati 23.6, na baadaye, ikiwa imewekwa katika bruchi, ikameta kifuani pa Malkia katika picha za magazeti ya dunia. Williamson alikufa Januari 1958, na mgodi ukauzwa kwa De Beers na serikali. Ukapita mikono kadhaa, na tangu mwaka 2009 hadi mwaka 2025 ulikuwa wa Petra Diamonds na serikali ya Tanzania. Mwezi wa Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi ulipasuka, tope likafunika mashamba na makazi ya majirani. Mji wa Mwadui ulijengwa ndani ya uzio, una hospitali yake, shule zake na uwanja wake wa ndege. Nje ya uzio uko mji wa Maganzo, wenye wanunuzi wadogo na wachekechaji wa mchanga. Uzio ule ndio unaonionyesha kwa nini Mwadui, pamoja na utajiri wake wote, haikuibadilisha Shinyanga kama ngitili zilivyoibadilisha. Utajiri wa ngitili ulikuwa hauna lango.

Dhahabu ina tarehe ndefu zaidi. Wajerumani walichimba Sekenke tangu mwaka 1909, na vita ilipowafungia bahari wakaichukua dhahabu hiyo hadi karakana ya reli ya Tabora, ambako mwaka 1916 waligonga sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo mbele ya mlima, sarafu ambazo wakusanyaji wa leo huzinunua kwa bei kubwa sana. Geita yenyewe iliamka baadaye. Utafutaji wa miaka ya 1930 ulizaa mgodi wa chini ya ardhi uliotoa dhahabu tangu mwaka 1936 hadi mwaka 1966, na kwa zama hizo haukuwa na mwenziwe kwa ukubwa katika Afrika ya Mashariki. Vijana waliotoka vijijini kwenda kufanya kazi mgodini walirudi na mshahara, na pia na habari za dunia. Mwaka 1958, serikali ilipotaka kuwalazimisha watu wa Geita wakubali halmashauri ya wilaya yenye wajumbe wa Kizungu na Kiasia, walikataa wakulima na watu wa mjini kwa pamoja, umati ukatembea kwa miguu mpaka Mwanza kupeleka malalamiko, na askari wakaletwa kuutawanya. Halmashauri ile haikudumu. Habari hii ni haki ifundishwe katika kila shule ya Geita, kwa kuwa uhuru wa Tanganyika haukupiganiwa Dar es Salaam peke yake.

Mgodi ulipofungwa mwaka 1966, msitu uliyafunika majengo, na kwa muda wa miaka mingi Geita ilirudi kuwa nchi ya muhogo, mananasi na pamba. Kisha wachimbaji wadogo wakaja kwa makundi. Kazi yao mgeni anaweza kuitazama mpaka leo: mtu huteremka katika duara kwa kamba, tochi ikiwa imefungwa kichwani, hugonga mwamba, hulijaza jiwe katika kiroba na kulipandisha, jiwe hupelekwa karashani likasagwa, unga wake hupitishwa kwa maji juu ya ubao ulioinama uliotandikwa magunia, mchanga mzito ukabaki katika nyuzi, mchanga huo hukung'utwa katika beseni, hutiwa zebaki, hukandwa kwa mikono mitupu, kisha huchomwa hadi zebaki itoke moshi na kibonge cha dhahabu kibaki. Moshi ule ni sumu, na anayeuvuta ni yule yule aliyeteremka shimoni. Huko Bulyanhulu, upande wa Kahama, wachimbaji wadogo waliondolewa mwezi wa Agosti 1996 ili kampuni ichimbe, na mgodi mkubwa ukafunguliwa mwaka 2001. Huko Geita mgodi mpya wa mashimo ya wazi ulifunguliwa mwaka 2000, na tangu mwaka 2004 ni wa AngloGold Ashanti. Wananchi walio kandoni wamepigania kwa miaka mingi haki ya kuokota magwangala, yaani mawe ambayo mgodi umeyatupa kwa kuwa dhahabu yake ni haba kwa mitambo mikubwa, ilhali kwa nyundo ya mtu maskini dhahabu hiyo inatosha kumlipia mtoto ada.

Kutoka Geita, mgeni asirudi kabla hajalifikia ziwa. Katika kona ya kusini-magharibi ya Nyanza, yaani Ziwa Viktoria, kiko kisiwa cha Rubondo, ambacho kwa miti yake na ukimya wake hakina mfano katika pande zote hizi. Wavuvi na wakulima waliokuwa wakikaa humo walihamishwa, na mwaka 1965 kisiwa kikawa pori la akiba, na mwaka 1977 hifadhi ya taifa. Bernhard Grzimek wa Frankfurt, yule yule aliyeipigania Serengeti, alikifanya kuwa maskani ya wanyama waliokuwa hatarini kwingineko, na kati ya mwaka 1966 na 1969 waliachiwa humo sokwe 17 waliotolewa katika bustani za wanyama za Ulaya. Sokwe hao walikuwa wamelelewa katika vizimba, wamelishwa kwa mikono ya watu; lakini walijifunza wenyewe kutafuta matunda, kujenga viota juu ya miti na kulea watoto, na kizazi chao kingali kisiwani. Wapo nzohe, ambao ni wenyeji wa mabwawa ya mafunjo tangu asili, wapo twiga na tembo walioletwa, na kandokando ya maji wapo viboko, mamba na ndege wasiohesabika. Ingefaa kibao cha hifadhi kiwataje pia wavuvi waliohamishwa, kwani wao ndio waliokikabidhi kisiwa kikiwa na msitu wake.

Njia ya kwenda huko siku hizi ni nyepesi. Mwezi wa Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, na foleni ya kivuko ambayo iliwaweka watu masaa katika jua imekwisha. Mwanza na Geita zimekuwa majirani, na Shinyanga inafikiwa kwa barabara ya lami pande zote mbili, kwa Mwanza na kwa Kahama. Wakati mwema ni baina ya Juni na Agosti, mavuno yakiwa yameingia ghalani, ngoma zikiwa uwanjani, na ngitili zikiwa zinaanza kufunguliwa.

Nina ombi moja kwa halmashauri za Shinyanga, Kishapu, Kahama na Geita, na kwa walimu wa historia wa shule zao. Wazee walioshika shoka katika ufyekaji wa pori wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Baadhi ya waliozifunga ngitili tangu mwaka 1986 wangali hai, lakini nao umri umewaelemea. Wapelekewe wanafunzi wenye daftari, waulizwe mipaka ya kila ngitili, jina la aliyeifunga na faini iliyotozwa, na yaandikwe. Na katika kila wilaya ichaguliwe ngitili moja ambayo mgeni ataonyeshwa kwa idhini ya wenyewe na kwa ada itakayobaki kijijini. Nawe msomaji, utakapokata tiketi ya Mwanza, kata ya Shinyanga, shuka, ulale usiku mmoja, na asubuhi yake umwombe mwenyeji akupeleke kwenye ngitili iliyo karibu.